Mstari wa Mgeni

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyofunga ndoa, na mume wangu akiyasoma haya anisamehe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kule Pasiansi, kwenye nyumba ya kupanga ambayo mradi wetu uliigeuza ofisi. Mama mmoja mtu mzima aliweka kidole juu ya karatasi ndefu niliyokuwa nimeichapa kwa majivuno, akaniuliza swali la maneno matatu tu.

"Wewe ulikula nini?"

Nitakueleza kilichotangulia na kilichofuata, kwa sababu juzi umeniambia umepata kazi kama ile yangu ya zamani, ya kuzunguka majumbani, kupima vyakula vya watu na kuviingiza kwenye jedwali la kompyuta. Unasema siku hizi mnaandika kwenye simu mkiwa hapo hapo jikoni. Nimefurahi kwa ajili yako, na pia nimeingiwa na wasiwasi kidogo, maana najua jinsi kazi hiyo inavyomfanya mtu ajione ana akili nyingi.

Miaka ile ya soko huria Mwanza ilikuwa imechangamka. Sangara walikuwa wanaingia viwandani na kutoka wakiwa minofu ya kupanda ndege, mitumba ilimwagwa mpaka barabarani, na kila mwenye chumba cha mbele alifungua duka. Humo humo na miradi ya utafiti nayo ikaingia. Mimi nilikuwa binti wa Igogo, mtoto wa sita kati ya wanane, nimemaliza kidato cha nne, nimesoma uchapaji, kisha kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Cheti kile ndicho kilichonipatia kazi kwenye mradi uliokuwa unachunguza mlo wa akina mama wanaonyonyesha. Pale kwetu nyumbani, kama hukula haraka hukula kabisa, kwa hiyo nilikuja kazini na sifa mbili: vidole vyepesi kwenye kibodi, na mdomo mwepesi kwenye sahani. Hiyo ya pili hawakuiuliza kwenye usaili.

Kompyuta ilikuwa moja. Ilifunikwa kitambaa cha kudarizi, na kuingia chumbani kwake tulivua viatu mlangoni, kana kwamba vumbi la Pasiansi lingeipa mafua. Ndani yake ndimo lilimokuwa lile jedwali mnaloliita sasa lahajedwali. Sisi tulisema spredishiti na tukaelewana. Majina ya akina mama yalishuka upande wa kushoto, siku zilikwenda upande wa kulia, na katika kila kisanduku kulikuwa na chakula cha mtu mmoja kwa siku moja. Uliandika uzito wa chungu kizima, ukaandika idadi ya walaji, na mashine ikakugawia yenyewe. Mara ya kwanza kuona hesabu zikijipanga namna ile nilicheka peke yangu. Nilihisi kwamba sasa hakuna mama yeyote wa kijijini atakayenificha alichokula.

Siku za katikati ya juma nilikuwa kijijini, Jumamosi nilikuwa kwenye kompyuta. Nilikabidhiwa nyumba nne katika kijiji kimoja cha Misungwi, upande wa ziwani. Gari la mradi lilinishusha asubuhi na kunifuata alasiri. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa jikoni na mzani mdogo: napima unga kabla haujaingia kwenye maji, napima samaki, napima mlenda, napima mafuta ya kijiko, kisha napima ugali ulioiva. Mwisho naandika idadi ya watu wa nyumba ile kama ilivyo kwenye orodha yetu.

Nyumba niliyopangiwa siku za Jumanne na Ijumaa ilikuwa ya Mama Kulwa. Alikuwa amejifungua mapacha, Kulwa na Doto, wenye miezi mitano, na wote wawili walikuwa wakinyonya kwa bidii. Aliishi na mumewe Masanja, mkulima wa pamba na mpunga, na mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, pamoja na mawifi zake wawili. Walaji watano. Niliandika tano siku ya kwanza, na sikuibadilisha tena.

Sasa nikwambie nilivyopokelewa. Bibi Nyamizi alinikuta kibarazani siku ile ya kwanza, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, halafu akageuka kumwambia mkwewe kuwa mgeni kaja. Saa hiyo hiyo nikasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba. Nilifurahi, nikatoa mzani wangu. Yule kuku alipikwa kwa karanga zilizotwangwa, kukawa na wali wa mpunga wao wenyewe, na mimi nikawekewa sahani yangu yenye firigisi juu. Wewe umekulia mjini, firigisi unainunua kwa fungu. Kwao pale haikuwa ya kila mtu. Kumpa msichana wa miaka ishirini na mbili firigisi ni kumwambia kwamba umemwona.

Na mgeni haachwi kula peke yake. Akaitwa baba mkubwa wa Masanja kutoka nyumba ya jirani, akaja na mwenzake, na siku nyingine wenzake wawili. Tulikula, tukazungumza habari za mvua, nikanawa, nikashukuru. Mama Kulwa alikuwa nyuma jikoni na watoto wake. Jioni niliandika kwenye fomu: kuku mmoja, wali kilo kadhaa, karanga, walaji watano. Jumamosi mashine ikagawa kwa tano. Mama Kulwa akapata sehemu moja ya tano ya kuku mzima.

Mambo yakaenda hivyo kwa miezi miwili. Jumanne kuku, Ijumaa sato mkubwa au kuku mwingine. Nilijua kuwa ni ukarimu, sikuwa mpumbavu. Lakini nilijiambia kwamba kukataa chakula cha watu ni kuwatukana, na hilo nalo ni kweli, na ukweli ukiambatana na kitu unachokipenda huna haja ya kuuchunguza sana. Nilikuwa nasubiri Jumanne ifike.

Basi tatizo lilianza pale kwenye jedwali. Kila baada ya majuma mawili tuliwapima akina mama uzito, na uzito nao ulikuwa na safu yake. Wenzake Mama Kulwa walipanda kidogo, walishuka kidogo. Yeye alishuka tu. Kwenye safu za chakula alikuwa wa kwanza kati ya akina mama wangu wote, anakula kama mke wa mkuu wa wilaya. Kwenye safu ya kilo alikuwa anayeyuka. Daktari wa mradi alitazama safu hizo mbili, akakunja uso, akaandika kikaratasi kwamba mama huyu apelekwe hospitali akapimwe kifua na damu. Hakuwa na kosa. Aliamini namba zangu.

Na mimi, mwanangu, hapo ndipo nilipofanya lile ninalolijutia kuliko ulaji wote. Jumanne iliyofuata, nikiwa nanawa mikono, nilimwambia Bibi Nyamizi kama mtu anayejua mambo, "Huyu mkweo chakula anakula sana, tumepima. Sasa sijui kinakwenda wapi, maana anakonda."

Ilitosha. Unapaswa kuijua miaka ile ndipo uelewe. Ukimwi ulikuwa umeingia kila ukoo, dawa hazikuwapo, na mtu hakuhitaji cheti cha daktari ili ahukumiwe. Kukonda huku unakula kulitosha. Bibi yule alinitazama, akatazama jikoni, akaendelea kunimiminia maji. Nilidhani hakunisikia vizuri.

Ijumaa nilipofika sikusikia kuku akikimbizwa. Mama Kulwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, Doto yuko kifuani, Kulwa yuko mgongoni, na pembeni yake kulikuwa na beseni lililofungwa kwa kitenge. Nikamuuliza kama anasafiri.

"Jumapili nakwenda kwetu, Sengerema," alisema. "Kuna kikao baada ya ibada, halafu nitasindikizwa. Wanasema nikapumzike."

"Na watoto?"

"Watoto watabaki kwa bibi yao. Watapewa maziwa ya ng'ombe." Alimgeuzia Doto titi la pili. "Wamesema maziwa yangu si mazuri. Wamesema hata wewe uliona kwenye mashine."

Hakulia, na wala hakunilaumu. Aliniuliza kama nitapenda michembe ya viazi vikavu iliyobaki jana, maana leo hawajapika bado. Nilisema nimeshiba, na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile nilikuwa nimesema uongo kuhusu tumbo langu. Mzani sikuutoa.

Kwenye gari siku hiyo nilipanda na Mama Sabina. Huyu alikuwa msimamizi wetu wa vijijini, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa pwani ya ziwa upande wa Mara, aliyezalisha wanawake wengi kabla sijazaliwa. Kompyuta hakuijua na hakuona aibu kusema hivyo. Alikuwa na kikapu chake, ndani mna viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai, na sisi vijana tulimcheka kwa chinichini kwamba mama huyu bahili hata kwa tumbo lake. Nilimweleza yote njiani, pamoja na yale niliyoyasema wakati nanawa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kesho nitakuja ofisini kwako. Nichapie hilo jedwali la huyo mama, lote."

Sasa umefika kwenye ile Jumamosi. Mashine ya kuchapa ilipiga kelele kwa muda mrefu, ikatoa karatasi yenye matundu pembeni, nikaitandaza mezani. Mama Sabina alivaa miwani yake, akaanza kufuata siku moja moja kwa kidole.

"Jumanne hii hapa. Kuku mzima. Nani walikula?"

"Watano, mama. Watu wa nyumba."

"Wataje."

Nikawataja.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

Hapo ndipo akaniuliza lile swali. Nilitazama safu, nikatazama karatasi yote kutoka juu mpaka chini. Hakukuwa na mahali popote palipoandikwa jina langu. Nilianza kusema kwamba mimi ni mtafiti, mimi sihesabiwi.

"Ulikula paja?"

"Ndiyo."

"Na firigisi. Na nani tena aliitwa?"

Nikawataja baba mkubwa na wenzake. Mama Sabina alivua miwani. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ningefurahi kama ingepanda.

"Binti, nimekaa jikoni kwa wanawake wa ziwa hili maisha yangu yote. Mgeni akija, mama mwenye nyumba anapakua kwa mgeni, kwa wanaume, kwa mkwe, kwa watoto. Yeye anakwangua chungu. Unafikiri hizo karanga alikuwa anakutwangia wewe zilikuwa za nani? Mwanamke akizaa mapacha, mama yake anamletea karanga na choroko za kumwongezea maziwa. Umezila. Umekula na kuku wake, na kuku akiliwa mayai nayo yamekwisha. Halafu ukaenda kumsema kwa mkwewe kwamba anakula."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kompyuta, nikawa sina pa kuangalia isipokuwa kioo cha mashine. Akanisogelea.

"Hii mashine yako inaweza kuongeza mstari?"

"Inaweza."

"Ongeza. Andika Mgeni. Ujaze kila ulichokula."

Nikaongeza mstari chini ya Mama Kulwa, nikaanza kujaza kutoka kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu yangu ya chakula haijawahi kuwa mbaya. Kuku, kuku, sato, kuku. Firigisi kila kuku alipochinjwa. Halafu nikawaingiza baba mkubwa na wenzake. Pale palipoandikwa tano nikaandika nane, siku nyingine tisa. Nilipobonyeza, safu nzima ya Mama Kulwa ilishuka mbele ya macho yetu, na hata hapo mashine ilikuwa inamwonea huruma, kwa sababu iliwagawia wote sawa. Mama Sabina alinifundisha kumwandikia makombo yake. Tulipomaliza, yule mama wa kwanza kwa kula alikuwa wa mwisho kati ya wote. Aliyekuwa wa kwanza sasa ni Mgeni. Nikalichapa jedwali upya.

"Panda kwenye mzani," Mama Sabina akasema.

Mzani wa kupimia akina mama ulikuwa pale pale ukutani. Nilipanda. Nilikuwa nimeongezeka kilo nne na nusu tangu nianze kazi. Mama Sabina aliandika namba ile kwa mkono wake kwenye karatasi, kwenye mstari wangu, akaikunja na kuitia kwenye kikapu chake cha viazi.

Nilimuuliza sasa tufanye nini. Nilitaka aniambie tumwachie Daktari aandike barua. Barua ingefika Jumatano, na kikao kilikuwa Jumapili, siku inayofuata. Akasema, "Ulisema kwa mdomo wako, utakwenda kusahihisha kwa mdomo huo huo. Mimi nitakusindikiza, lakini sitasema badala yako."

Jumapili hiyo sikwenda kanisani, Mungu ananijua. Tulifika watu wakiwa wametoka ibadani, wamekaa uani kwenye viti na mikeka. Alikuwepo baba mkubwa, Masanja amejiinamia, Bibi Nyamizi kajifunga kitenge kipya. Mama Kulwa alikuwa pembeni na wanawe wawili na lile beseni lake. Masanja ndiye aliyetukaribisha. Nilisalimia kila mmoja kwa zamu yake, nikapiga magoti, na sikuinuka.

Sikumbuki maneno yote. Nakumbuka nilifungua ile karatasi, ikafika mpaka kwenye miguu ya baba mkubwa. Nikasema kwamba nilidanganya bila kujua, halafu nikajisahihisha, nikasema kwamba nilikuwa na njia ya kujua na sikuitumia. Nikasema, "Niliwaambia mama huyu anakula na bado anakonda. Hakula. Chakula chake nilikula mimi. Kimeandikwa hapa siku kwa siku, na kilo zilizomtoka yeye zingine ziko kwangu."

Mtoto mmoja, sijui Kulwa sijui Doto, alikuwa anakohoa kikohozi cha kupaliwa maziwa, na mama yake anampiga mgongoni taratibu. Baba mkubwa aliangalia karatasi, nadhani alikuwa anahesabu sahani zake mwenyewe. Masanja alimgeukia mkewe.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, baba Kulwa? Mgeni anakula."

Bibi Nyamizi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba ile, na sote tulikuwa tunamsubiri yeye. Alinitazama toka kichwani mpaka magotini, mahali kilo zile nne na nusu zilipokuwa zimejipanga. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo ugonjwa wenyewe ni wewe."

Baba mkubwa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika fimbo yake, na Masanja akacheka huku anafuta macho, na mawifi wakajificha nyuma ya mlango wakicheka. Nami nilicheka nikiwa nalia. Sijui kama nimewahi kupumua tena kama nilivyopumua siku ile. Nilihisi kifua kimefunguka, kama nimevuliwa gauni la kubana nililolivaa juma zima.

Lakini Mama Sabina hakucheka, na alisubiri watulie. Akawaambia kwamba hospitali Mama Kulwa ataenda vilevile, kwa sababu kikaratasi cha Daktari kipo na afya si ya kukisia. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Na hata wakimkuta anaumwa," alisema, "nitakuja hapa hapa kuwaambia asirudishwe kwao. Mgonjwa anauguziwa walipo watoto wake." Bibi Nyamizi aliinamisha kichwa, na mimi naamini neno lile lilimwingia.

Kisha bibi yule akainuka, akaenda jikoni mwenyewe. Alitoka na sahani ya ugali na maziwa mgando na samaki, akampita baba mkubwa, akampita Masanja, akatupita sisi, akamwekea mkwewe mkononi na kumpokea Doto. "Kula kwanza wewe," akasema. Mimi niliwekewa maji ya kunywa. Sijawahi kunywa maji matamu namna ile. Mmoja wa mawifi alifungua kile kitenge kwenye beseni, akaanza kurudisha nguo ndani.

Hospitali walimkuta na upungufu wa damu kidogo na uchovu wa kunyonyesha watoto wawili. Kifua kizima, damu haina ugonjwa wowote wa kutisha. Daktari alinipa kalipio la maandishi, nikastahili, akafuta miezi yangu miwili ya takwimu, ikabidi tuanze upya. Kazini nilibaki kwa sababu ya Mama Sabina. Alimwambia Daktari kwamba kuliko kumleta mwingine aanze kunenepa, heri huyu ambaye amekwisha shiba. Na tangu hapo tulikwenda vijijini kila mmoja na kikapu chake.

Pia alinifundisha namna ya kupokea sahani bila kumkosea mtu. Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unamega tonge moja na kula mbele yao kwa furaha. Halafu unainuka na sahani yako mwenyewe, unaipeleka jikoni kwa mama anayenyonyesha, unasema, "Mgeni ameheshimiwa, sasa naomba huyu anisaidie kumalizia." Hakuna nyumba iliyowahi kukasirika. Bibi Nyamizi mara ya kwanza alinitazama kwa jicho la pembeni, mara ya pili akaniita mwanangu. Uzito wa Mama Kulwa ulianza kupanda, mwanzoni kwa kusitasita, kisha bila wasiwasi, na kila Jumamosi nilipoingiza namba mpya nilikaa nikiitazama kabla ya kwenda kwenye kisanduku kingine. Niliifuta Jumamosi ile ya aibu kwa Jumamosi nyingi za namna hiyo.

Kulwa na Doto sasa ni watu wazima wenye watoto. Nikienda kwao, mama yao, ambaye amekuwa mnene kunizidi, ananiwekea firigisi na kunitazama nitafanya nini. Naikata vipande viwili, nampa kimoja.

Basi mwanangu, haya ndiyo ninayokuomba uende nayo kazini. Kabla hujaandika jina la mtu yeyote kwenye jedwali lako, andika mstari wako wewe. Siku uliyofika, ulichokula, uliyemsababishia aitwe, kilichopikwa kwa sababu yako. Ukiingia jikoni kwa watu, jikoni pale pamebadilika, na mashine haitalijua hilo usipoiambia. Namba mbili zikipingana, usimtilie shaka mama wa watu kabla hujajitilia shaka mwenyewe. Uliza nani amepakua na nani amekula wa mwisho, usitosheke na idadi ya walaji. Na unachokiona kwenye safu za mtu usikitoe mdomoni mbele ya mkwe wake, wala jirani yake, wala mtu yeyote asiyehusika, hata kama ni kwa mzaha wakati wa kunawa mikono. Ukikosea, na utakosea, nenda kasahihishe kwa miguu yako kabla kikao hakijakaa. Mimi niliwahi kwa dakika chache tu, na dakika hizo ndizo zinazonifanya nilale vizuri mpaka leo.

Mungu akutangulie kwenye kila mlango utakaobisha hodi. Akupe macho ya kumwona aliyeko nyuma jikoni, na akupe watu wazima wa kukuuliza maswali mafupi. Wanaokukaribisha washibe kwanza, watoto wao wanyonye na kulala, na wewe urudi nyumbani na kikapu kitupu na moyo mweupe. Nenda, mwanangu. Viazi vyako nimekwisha kuchemsha, viko mezani.